Moto Ambao Haukuwaka

Kiwanda chetu kilipata mwanahesabu kabla hakijapata choo. Sisemi hivi kwa kumwonea mtu. Makuli walikuwa wanaingia vichakani nyuma ya uzio, akina mama wa kuchambua alizeti wanakwenda kuomba kwa jirani, lakini getini kumepigiliwa bango jipya la bati: UTAFITI NA UHANDISI, na mshale mwekundu. Ukiufuata ule mshale unafika kwenye kichumba kilichokuwa kinatupiwa mikanda mibovu ya mashine. Humo ndani, nyuma ya meza ya miguu mitatu na tofali, utamkuta Dokta Raheli Msengi.

Kiwanda kipo Iguguno, kando ya lami iendayo Nzega. Kinakamua alizeti. Mwenye mali ni Benson Kilimba, ambaye mimi nilimjua zamani anapakia vitunguu kwenye lori na hajui hata kufunga turubai. Nimezunguka sana nchi hii, nimechimba dhahabu Sekenke, nimekata mkonge, nimelala kwenye mabehewa, kwa hiyo mabosi nimewaona. Wapo wezi, wapo wanaopiga watu makofi. Benson hakuwa mwizi wala hakupiga mtu. Yeye alipenda kuonekana. Na huyo ukiniuliza ndiye mbaya kuliko wote, maana mwizi unaweza kumfungia mlango.

Alikwenda Dodoma kwenye mkutano wa wenye viwanda, akasikia mtu wa tai anasema kwamba kiwanda kisicho na utafiti si kiwanda, ni jiko. Neno hilo lilimkaa moyoni. Aliporudi akaulizia nani hapa ana elimu kubwa, akaambiwa yupo binti wa mama Kristina, amerudi kutoka Ulaya kumtunza mama yake ambaye macho yamekwisha. Akamfuata siku hiyohiyo.

Raheli alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwendo wa haraka. Alizaliwa palepale Iguguno. Alisoma hesabu Mlimani, akaajiriwa kiwanda cha saruji kukokotoa tofali za tanuri zitadumu muda gani kabla hazijabomoka, kisha kampuni ya huko nje ikamchukua kwenye maabara yake. Kazi yake huko ilikuwa moja tu, miaka na miaka: joto linatembeaje ndani ya vitu vilivyorundikwa. Makaa ya mawe ndani ya meli. Maziwa ya unga ndani ya ghala. Pamba, nyasi kavu, vumbi la mbao.

Siku moja alikuja kunywa chai kwenye benchi langu getini, maana mimi ndiye bawabu na mfagizi, nikamuuliza, "Sasa dokta, ulikuwa unatengeneza nini hasa?"

"Sikutengeneza kitu, mzee Gabrieli. Nilikuwa nawaambia watu wasifanye jambo fulani."

"Na walikuwa wanakulipa kwa hilo?"

"Walikuwa wananilipa. Kunisikiliza ndiyo ilikuwa tabu."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Watu wetu hawakumwelewa hata kidogo. Mtu kusoma hesabu maisha yake yote, kwa akili za hapa, lazima awe mwalimu au mhasibu. Wakamwita mwalimu. Mmoja akamletea mtoto aliyefeli. Benson naye hakuwa na akili tofauti, ila yeye alikuwa na suti. Wiki ya kwanza alimleta diwani na wenzake wawili, akawasimamisha mlangoni kwa Raheli kama watu waliokuja kuona chui kwenye tundu.

"Waheshimiwa, huyu ndiye dokta wa hesabu. Muulizeni hesabu yoyote. Yoyote!"

Diwani akafumba macho, akawaza, akasema, "Mia saba themanini na tisa, mara mia nne kumi na tatu."

Raheli akamtazama kwa upole. "Nitatumia kikokotoo, mheshimiwa."

Diwani akamnong'oneza mwenzake, ila yule ni mtu wa majukwaani na hajui kunong'ona: "Hata mwanangu wa darasa la sita anatumia kikokotoo."

Wageni walipoondoka Benson akarudi amevimba. "Dokta, umeniaibisha. Si ungetaja namba yoyote tu? Nani pale angehakikisha?"

Hicho ndicho kichwa kilichokuwa kinaongoza kiwanda.

Raheli hakukasirika. Alikuwa anaihitaji kazi ile. Mama yake alikuwa anapapasa ukuta kwenda jikoni, na kutoka kiwandani hadi nyumbani kwao ni mwendo wa mtu kumaliza muwa mmoja. Kazi nyingine ya elimu yake haipo Iguguno, haipo Singida nzima. Benson alilijua hilo vizuri, na mtu anayejua huna pa kwenda hakuheshimu.

Basi akaanza kufanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alikuwa na fimbo ndefu ya chuma yenye kipimajoto nchani, akawa anaichoma ndani ya viroba vya mashudu. Mashudu ni yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, tunayauza kwa wafugaji. Yanatoka mashineni ya moto, na makuli walikuwa wanayajaza kwenye viroba hapohapo, tena lumbesa, kiroba kimevimba kama mtu mwenye matubwitubwi, halafu wanakwenda kuyarundika ghalani. Raheli akawakusanya. Kiongozi wao alikuwa Nathan, kijana wa Mtinko mwenye mabega kama mlango.

"Kuanzia leo," akasema Raheli, "mashudu yatandazwe kwanza sakafuni yapoe. Yakishapoa ndiyo mjaze. Na mkipanga, mwisho begani. Mwache njia ya mtu kupita kati ya safu na safu, na nafasi kati ya safu na ukuta."

"Begani, mama?" Nathan akawageukia wenzake. "Kimo hicho si ni cha watoto wa chekechea?"

"Begani kwako, Nathan. Ningeweza kusema begani kwangu. Nimekuhurumia."

Wakacheka, wakampenda kidogo. Wakapanga alivyosema, si kwa kumwamini, bali kwa sababu kupanga chini ni kazi nyepesi. Mambo yakaenda hivyo mpaka Benson alipopata wazo jipya. Benson akipata wazo, watu wengine hulala vibaya.

Wazo lenyewe lilikuwa uzinduzi. Kitengo cha Utafiti na Uhandisi kilikuwa kinafanya kazi miezi kadhaa bila kukatiwa utepe, na kwa Benson kitu kisichokatiwa utepe hakipo. Akaalika mgeni rasmi kutoka mkoani, akaalika wanunuzi, akaalika kwaya. Akatengeneza bango kubwa la kitambaa lenye sura ya Raheli, kubwa kuliko mlango wa kanisa, na chini yake maneno: UTAFITI NDIYO MAENDELEO. Bango lile alitaka litundikwe ghalani, mbele ya wageni, juu ya rundo la mashudu lililofika darini. Kiwanda chenye ghala nusu tupu, alisema, kinaonekana kina njaa.

Basi mashine zikawashwa mfululizo. Makuli wakaambiwa wasahau habari za bega. Viroba vikatoka mashineni vikiwa vya moto, vikarundikwa moja kwa moja, vikabanwa, hakuna njia ya mtu wala ya panya, vimeegemea ukuta wa nyuma mpaka vikagusa mbao za paa. Juu yake likavutwa turubai zito, likakazwa kwa kamba pande zote.

Raheli alikuwa amekwenda na mama yake hospitali ya macho. Aliporudi na kuliona rundo, alisimama mlangoni pa ghala muda mrefu. Kisha akaenda kumleta Benson, akamleta kweli, kwa kumshika mkono wa suti. Mimi nilikuwa nafagia palepale.

"Hili lishuke leo," akasema.

"Lishuke? Wageni wanakuja keshokutwa!"

"Bwana Benson, nisikilize. Mashine zetu hazikamui mpaka mwisho, mashudu yanabaki na mafuta. Mafuta yale yanakula hewa polepole, na yakila yanatoa joto. Kiroba kikikaa peke yake, joto linatoka, hakuna neno. Ukivirundika hivi, joto la katikati linakosa njia, linakaa. Likikaa, mafuta yanakula kwa kasi zaidi, joto linapanda zaidi. Sufuria ndogo ya ugali ukiiepua inapoa mara moja. Sufuria ya harusi unaikuta ya moto mpaka wageni wamelala. Hapa umeweka sufuria ya harusi inayojichochea yenyewe. Kuna kimo, nimekikokotoa. Chini ya kimo hicho rundo linapoa. Juu yake linajipika mpaka liwake, bila kiberiti, bila sigara, bila mtu mbaya."

Benson akatabasamu vile anavyotabasamu akitaka kumfundisha mtu.

"Dokta. Wewe na mimi tumezaliwa hapahapa. Bibi yangu alikuwa anajaza kihenge cha uwele mpaka juu, anashindilia kwa miguu, halafu anaziba kwa mavi ya ng'ombe hewa isiingie. Uwele unakaa misimu miwili, haubunguliwi, hauozi. Bibi yako alifanya hivyohivyo. Umewahi kusikia kihenge kimewaka?"

Makuli wote wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi niliitikia, maana ni kweli. Hapa kwetu chakula kikibanwa na kufunikwa ndiyo kimetunzwa. Mtu anayeacha nafasi kwenye ghala tunamwona mvivu.

"Uwele umekauka," Raheli akasema. "Umeanikwa juani, umepoa, hauna mafuta ya kukamua. Na bibi yangu alikuwa anaziba kweli. Wewe umelivika blanketi tu. Hewa inaingia, joto halitoki."

"Sawa. Litawaka siku gani?"

"Siku sijui. Inategemea upepo, unyevu, mashudu yenyewe. Ninachojua ni kimo."

Benson akageuka kwa makuli, mikono hewani. "Mmesikia? Dokta mzima hajui siku!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nimeona waganga wa kienyeji wanaotaja siku, saa na rangi ya kuku, wanakosea kila mara, na watu wanarudi kwao na kuku wengine. Huyu alisema anachokijua na asichokijua, wakamcheka.

Ulikuwa mwezi wa sita, ule upepo wa Singida unaokata masikio. Asubuhi iliyofuata nilipofungua geti akina mama wachambuzi walikwenda kukaa mahali pao pa siku zote, nje, nyuma ya ghala, na ungo zao mapajani. Wengine walikuwa na watoto wachanga migongoni. Nikamsikia Scola, ambaye ndiye mkubwa wao kwa mdomo, anawaita wenzake:

"Njooni huku jamani! Ukuta una joto! Egemeeni muone, kama mgongo wa mume!"

"Wa mume wako," mmoja akamjibu. "Wangu kama bomba la mvua."

Wakabanana wote ukutani wanacheka. Raheli alikuwa anapita. Aliposikia vile alisimama, akawakaribia, akaweka kiganja kwenye tofali. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile kwa kugusa ukuta.

"Ondokeni hapa," akasema.

"Shikamoo dokta. Tuondoke twende wapi? Huko kuna upepo."

"Marahaba. Kaeni popote, kaeni ofisini kwangu, lakini siyo hapa."

"Ofisini kwako tunaingia watatu," akasema Scola. "Mwingine akae kichwani kwako?"

Wakaondoka kwa kuguna. Raheli alipogeuka tu kona, wakarudi. Yeye akaenda ghalani, akachoma fimbo yake katikati ya rundo kadiri mkono ulivyofika, akasubiri, akasoma. Baadaye akarudi akasoma tena. Nilimuuliza.

"Haipoi mzee. Inapanda, na inapanda haraka kuliko nilivyokokotoa."

Jioni ile alikwenda kwa Benson mara ya mwisho. Benson alikuwa uani anajaribu kipaza sauti, kwa hiyo nusu ya Iguguno ilisikia nusu ya mazungumzo, mpaka alipokumbuka kukizima. Nilikuwa karibu, nilisikia yote.

"Nimekuajiri upendezeshe kiwanda," akasema, "siyo ukitie mkosi."

"Nyuma ya ukuta ule wanakaa wanawake na watoto."

"Kesho watakaa kwenye viti vya plastiki, watapiga vigelegele. Dokta, tusichoshane. Ukigusa kiroba kimoja kesho, jioni ufungashe. Na mama yako umtafutie macho mengine."

Nilitegemea atamjibu vibaya. Aliondoka anatazama chini, nikadhani amekubali, na sitaficha, nilimdharau kidogo. Nikajisemea, hata huyu wamemweza.

Asubuhi ya uzinduzi alikuja mapema, amevaa kitenge alichoshonewa na kiwanda, chenye picha ya ua la alizeti kifuani. Akanipita getini. "Shikamoo mzee. Nisaidie kujaza maji yale mapipa ya mafuta matupu, na uyapange mlangoni pa ghala. Na mchanga."

"Marahaba. Kwa ajili ya wageni?"

"Ndiyo. Wasiungue."

Nikajaza. Yeye akaenda kwa makuli waliokuwa wanatundika bango.

"Nathan, shusheni rundo. Muanze juu, tabaka kwa tabaka, mpeleke viroba uwanjani upande unakokwenda upepo, mvitandaze kimojakimoja."

"Mama, bosi amesema..."

"Najua alivyosema."

"Basi mama tusamehe. Sisi tuna watoto."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo. Akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akafunga khanga kiunoni juu ya kile kitenge. Akashika kamba ya turubai, akapanda. Mwanamke wa umri ule, dokta, anapanda viroba kwa magoti. Alipofika juu akalisukuma turubai kando, akafungua kamba za bango, na sura yake mwenyewe, kubwa kuliko mlango wa kanisa, ikaanguka vumbini. Kisha akakumbatia kiroba cha kwanza, akakiburuta hadi ukingoni, akakisukuma. Kikaanguka kwa kishindo.

Makuli walicheka. Akasukuma cha pili. Wakacheka kidogo. Cha tatu kilimshinda, akapiga goti, akakisukuma kwa bega, pumzi inasikika hadi mlangoni. Hapo hakuna aliyecheka. Nathan alikuwa anatazama viatu vya Raheli pale pembeni.

Sasa sikiliza. Huku kwetu kijana hawezi kusimama mikono mfukoni huku mama wa umri wa mama yake anabeba mzigo. Akikutwa hivyo na mtu yeyote, habari itafika kwao kabla yake, na atakapooa itatajwa. Hawakuiamini hesabu, nataka uelewe hivyo. Hesabu aliwaeleza wakakaa chini kwa kicheko. Waliona aibu tu.

"Mama shuka," Nathan akasema. "Shuka basi! Unatudhalilisha."

"Sishuki. Pandeni."

Wakapanda. Matabaka ya juu yalikuwa vuguvugu tu, wakaanza kuguna kwamba wamesumbuliwa bure. Walipofika usawa wa katikati mmoja akapiga yowe na kuachia kiroba. Kile kiroba cha nailoni kilikuwa kimelegea, kinanata mkononi kama jojo. Mashudu ndani yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawa, yanatoa harufu ya karanga zilizosahauliwa jikoni, na moshi mwembamba, wa bluu, unaopanda bila haraka.

"Msimwage maji bado," Raheli akasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. "Mkiona mwali ndiyo maji. Endeleeni. Upesi, lakini msikimbie."

Waliendelea na magunia wamefunga mikononi. Nikaenda nyuma kuwaondoa akina mama, na safari hii Scola alipotaka kunijibu nilimwonyesha moshi unaotoka chini ya bati. Akaokota mtoto wake akaacha ungo.

Wageni walifika kiwanda kikiwa katika hali hiyo. Uwanja uliopangwa viti umejaa mashudu meusi yanayonuka. Kwaya imesimama inakohoa. Bango limekanyagwa. Dokta aliyekuja kuzinduliwa hana viatu, kitenge kimechanika begani, uso una masizi. Ghalani, badala ya rundo la kufika darini, kuna mafungu madogo ya hapa na pale.

Benson alishuka kwenye gari la mgeni rasmi akaona.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mpole, hana kosa. Aliuliza tu, "Dokta, kumetokea moto?"

"Hapana mheshimiwa. Hakuna moto."

"Sasa haya yote ni ya nini?"

"Ni ya kufanya usiwepo."

Mgeni akamtazama, akawatazama wenzake, na wale wenzake, watu wa tai wote, wakaanza kucheka chinichini, halafu juujuu. Benson akaona kicheko kile ni ngazi ya kupandia, akapanda. Akachukua kipaza sauti.

"Waheshimiwa, mtusamehe. Wasomi wetu wakati mwingine wanasoma mpaka wanapitiliza! Nathan! Rudisheni mzigo ghalani, uzinduzi unaendelea!"

Nathan hakuondoka aliposimama. Wenzake nao hivyohivyo, wanapuliza viganja.

"Nathan!"

"Bosi, mikono inauma."

"Joto la mashine hilo! Mmekuwa wasichana?" Akakaribia kiroba kimoja, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya kwaya, akakikumbatia na suti yake na kukiinua kifuani kama zamani za vitunguu. Alikwenda nacho hatua chache. Kisha akakitupa na kuruka nyuma, anajipiga kifuani. Tai ilikuwa imenata kwenye nailoni, ikabaki na kiroba.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuua. Raheli akamsogelea.

"Unataka ushahidi kwamba lingewaka?" akamwambia taratibu. "Lirundike upya, lilivyokuwa. Halafu wewe nenda ukaegemee ule ukuta wa nyuma. Mimi nitakaa na wewe."

Benson alimtazama, akautazama ukuta. Akakirudia kipaza sauti na kutangaza kwamba Kitengo cha Utafiti na Uhandisi kimefungwa kuanzia muda huo. Kilifungwa kabla utepe haujakatwa. Halafu, kwa kuwa utepe upo na mkasi upo na chakula kimepikwa, mgeni rasmi akaombwa azindue choo, ambacho kilikuwa kimechimbwa shimo tu. Akakizindua. Kwaya ikaimba.

Usifikiri mashudu yale yalitupwa. Kesho yake Benson aliyaita mashudu ya kukaanga, akayapakia kwenye lori kwenda mnadani Mtinko, akayauza kwa bei ya juu kuliko yale mazuri. Aliwaeleza wafugaji kwamba ni matokeo ya utafiti. Walinunua yote.

Nilikwenda kwa mama Kristina siku Raheli anafungasha. Nilimkuta anafunga begi, na mama yake amekaa kitandani anapapasa nguo moja baada ya nyingine, anazikunja.

"Huyu ni nani ananuka ufagio?" mama akauliza.

"Ni mzee Gabrieli wa getini, mama."

"Karibu. Umekuja kumwaga machozi au umekuja kumcheka? Wengine wote waliokuja wamekuja kucheka. Wanasema mwanangu ameacha mshahara kwa moto ambao haukuwepo."

"Nimekuja kubeba begi," nikasema.

"Raheli," mama akasema, "si ungeliacha liungue kidogo? Kidogo tu, pembeni. Leo wangekuwa wanakubusu miguu."

"Hakuna kidogo mama. Likiwaka linawaka lote."

"Basi lote. Ungewatoa wale akina Scola, ukaliacha."

Raheli akaacha kufunga begi. Nikaona kwamba hilo alishaliwaza, labda usiku kucha. "Wasingeondoka," akasema. "Kulikuwa na baridi."

Mama akakunja blauzi aliyokuwa ameshaikunja. "Na huko unakokwenda ni wapi?"

"Shinyanga. Kiwanda cha pamba. Wamenipigia simu jana. Pendo wa jirani atakuja kukaa na wewe mpaka nipate nyumba nije kukuchukua."

"Pendo anapika ugali mbichi."

"Najua mama."

"Na hao wa Shinyanga, nao watakusikiliza kama hawa?"

"Hao watanisikiliza," Raheli akasema, akavuta zipu ya begi mpaka mwisho. "Ghala lao limeungua wiki iliyopita. Amekufa mlinzi."

Mama Kristina akaguna, guno refu la dharau, sijui lilikuwa la Shinyanga au la Iguguno au la dunia nzima. Halafu akanyoosha mkono hewani kukitafuta kichwa cha mwanawe, na Raheli akainama kumfikishia.